Mti wa maua kwenye kiwanja cha Mwanza: hoja ya maembe haitoshi

Desemba ikifika, mikrismasi huwaka nyekundu na wenye viwanja vipya Mwanza huanza kuulizia miche. Hapohapo hoja ya siku zote huibuka: kwa nini umpe ardhi mti usiolika, wakati mwembe utakupa kivuli pamoja na maembe?

Kwa mwenye kiwanja kidogo na familia kubwa, hoja hiyo ni nzito. Ila mizani yake imeinama. Mwembe uliokomaa hupita mita 15, na bado watu huupanda hatua tatu kutoka ukutani bila mtu kuhoji. Msimu wa maembe ukianza, watoto wa mtaa huushambulia kwa mawe, na mengi huangukia bati. Msingi wa nyumba haujali kama mzizi unaousukuma ni wa mti wa matunda au wa maua. Swali la kwanza liwe ukubwa.

Kwa swali hilo, mkrismasi unaanguka vibaya. Mti huu wa asili ya Madagaska hupanuka kuliko unavyorefuka, na mizizi yake hutambaa juujuu. Kwenye vilima vyetu, ambako udongo juu ya mwamba ni mwembamba, mizizi haina pa kushuka. Itatafuta nyufa, mabomba na karo. Matawi yake hukatika upesi, nasi tunaishi kando ya ziwa lenye radi na upepo wa ghafla. Halafu kuna gata. Anayekinga maji ya mvua kwenye tangi atauchoka mti wenye vijani vidogo kama punje, vinavyopita kwenye chujio lolote la kubahatisha.

Wanaotetea miti ya maua nao wana lao, na si la mapambo tu. Majabali ya Mwanza hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Nyumba iliyobanwa na mawe bila kivuli huchelewa kupoa. Kwenye mteremko, majani hupunguza kishindo cha mvua na mizizi hushika udongo. Mwembe pia hufanya hivyo, kweli, lakini si kila kilima kinaubeba.

Kifabakazi ningekitetea kwa moyo wote: ni mti wa Afrika, maua yake ya rangi ya moto huvuta ndege aina ya chozi, na haujaletwa na meli. Lakini nao unaweza kupita mita 20, na mbao zake ni laini. Uachiwe wenye eneo pana huko Luchelele au Malimbe. Jakaranda vivyo hivyo. Ule mjohoro wa Kimarekani wenye vishada vya njano ningeukataa kabisa. Umekwishavamia msitu wa Hifadhi ya Mahale, Kigoma.

Kwa kiwanja cha kawaida mlimani, chaguo langu ni franjipani, mti mdogo wa maua yenye harufu nzuri. Ni nadra kupita mita 8, na huvumilia ukame. Kiangazi hupukutika na kubaki fimbo tupu, jambo ambalo wengine hawalipendi, na utomvu wake mweupe huwasha ngozi, hivyo usiupande watoto wanapochezea. Kata tawi, liache kivulini wiki moja hadi jeraha likauke, kisha lipande vuli inapoanza. Mtaro wa maji upite mbali nalo, maana tawi likituamiwa na maji huoza kabla ya kutoa mzizi.