Homa ya Maili 62

Gari langu halina kasoro yoyote likiwa limesimama. Hata likitembea halina kasoro, mradi usizidi maili 58 kwa saa, na ukishapita 68 hutulia tena kama mtoto aliyepewa ziwa. Tatizo ni hizo maili 10 za katikati, ambazo kwa bahati yangu ndizo zinazoruhusiwa katika barabara 270 inayouzunguka mji wa Columbus, jimboni Ohio, ambako kikomo ni maili 65. Nikienda polepole, malori yananipigia honi. Nikikimbia, askari atanisimamisha. Nikitii sheria, kiti kinatetemeka, kioo cha katikati kinanionyesha magari mawili mahali palipo na moja, na nikimwambia mama watoto neno lolote, sauti inanitoka kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa linaloviringishwa.

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, yenye milango miwili, ya aina ambayo Wamarekani huiita gari la misuli. Mtindo huo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1964, Pontiac walipoitia injini ya V8 ya inchi za ujazo 389 katika gari la ukubwa wa wastani wakaliita GTO, na ulifika kileleni mwaka 1970, Chevelle SS, yaani Super Sport, ilipouzwa na injini ya 454 ambayo kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 450. Langu limeandikwa SS mbele, nyuma na kwenye usukani, lakini ni Chevelle Malibu ya kawaida yenye injini ya 350, na maandishi hayo yalibandikwa na mmoja wa walionitangulia kulimiliki. Sina kinyongo naye. Mimi mwenyewe, nikiulizwa kazi yangu kwenye harusi za Watanzania wenzangu, husema ni msimamizi wa mizigo, ilhali naendesha foko-lifti ghalani.

Kiwanda nacho sikilaumu, kwa sababu mwaka jana gari lilikwenda bila kutikisa hata kikombe cha chai. Majira ya baridi huwa silitumii, maana barabara za Ohio humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma kama mchwa walavyo dari. Novemba nililala chini yake, nikalipulizia tumbo zima ile dawa nyeusi ya lami ya kuzuia kutu, mikebe minne, kisha nikalifunika turubai. Aprili nikalifunua, nikaliwasha, nikaingia barabarani, na homa ikaanza.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Muuza matairi aliniambia kwamba tairi likikaa miezi mitano mahali pamoja hubonyea upande uliokandamizwa, na kwamba dawa yake ni matairi mapya, ambayo kwa bahati njema yeye alikuwa nayo. Nililipa dola 620. Gari likatetemeka vilevile, ila sasa lilitetemeka juu ya matairi mapya. Jirani yangu, mzee mstaafu wa Kimarekani, alisikiliza mngurumo akiwa ameshika kikombe cha kahawa, akaamua kwamba ni ule mtungi wa mafuta ulio kati ya injini na giaboksi, na akaongeza kwamba yeye anao mmoja katika banda lake. Shemeji alisema niuze gari ninunue Corolla. Shemeji anauza Corolla.

Nikampigia mjomba Tanga, aliyezeeka akitengeneza Land Rover, na ambaye hana cha kuniuzia.

«Shikamoo, mjomba.»

«Marahaba, mjomba wangu. Hiyo ni krosi.»

«Mjomba, bado sijakwambia tatizo.»

«Nimelisikia nyuma yako. Hiyo ni krosi.»

Gari wakati huo lilikuwa limezimwa, lakini sikuona busara ya kumsahihisha mkubwa. Isitoshe, hoja yake ilikuwa na mashiko. Propela ni bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi kwenye difu, yaani kisanduku cha gia kilicho katikati ya ekseli ya nyuma, na kila ncha ya propela ina krosi, yaani msalaba mdogo wa chuma uliovikwa vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe vimejipanga visindano vya beringi vyembamba kama njiti za kiberiti. Msalaba huo ndio unaoliruhusu bomba lizunguke huku likipanda na kushuka pamoja na ekseli ya nyuma. Grisi ikikauka, visindano hukwaruza, msalaba hulegea, na gari hutetemeka. Nikaagiza krosi mbili mpya.

Kabla ya kufungua nilitia alama kila kiungo kwa rangi ya kucha ya mama watoto, ili propela irudi vilevile ilivyotoka, na nikajiona fundi kamili. Kilichonipita ni kwamba ncha ya mbele ya propela ndiyo inayoziba mkia wa giaboksi, na nyuma yake mafuta mekundu hukaa yakisubiri mlango ufunguliwe. Nilipoichomoa, yaliingilia kwenye mkono wa shati, yakapita kwapani, yakatokea kwenye mfuko wenye simu. Hata hivyo, nilipokwisha kujifuta nilikaa kidogo kuitazama ile propela, kwa sababu lami ya Novemba ilikuwa imeshika vizuri mno, nyeusi ya kung'aa, bila doa la kutu, na nikajisifu kimoyomoyo kwamba angalau jambo moja katika gari hili limefanywa na mtu anayeijua kazi yake.

Kuingiza krosi ni kazi ya jiliwa, nyundo na subira, na mimi nilikuwa na jiliwa na nyundo. Vikombe saba viliingia. Cha nane kilikataa kufika mwisho. Nikakigonga, kikakataa, nikakigonga kwa bismillahi, kikakataa. Nilipokitoa nikakuta kisindano kimoja kimelala sakafuni mwa kikombe huku wenzake wote wamesimama wima kama askari kwenye gwaride, na unene wake, ambao haufiki hata milimita 3, ulitosha kuizuia pete ya kufungia isikae kwenye mfereji wake. Nilimrudisha msaliti huyo kwenye safu kwa grisi na kijiti cha meno, na kazi hiyo ilinichukua dakika 40, nyingi katika hizo zikiwa za kumtafuta baada ya kudondoka kwenye zege. Krosi za zamani nilizozitoa, ili mjue dunia ilivyo, zilikuwa nzima kabisa, zikigeuka laini kama shingo ya bundi.

Nikaingia barabarani. Maili 60, 61, 62. Kioo cha katikati kikanionyesha malori mawili.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mwenye akili angelifanya Aprili, tena ni la bure. Nikiwa kwenye maili 62 niliiweka gia huru. Injini ikashuka hadi ule mngurumo wa kusubiri taa za barabarani, gari likaendelea kuserereka kwa kasi ileile, na kiti kikaendelea kutetemeka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Maana yake ni kwamba injini haina hatia, na mtungi wake wa mafuta hauna hatia, kwa kuwa mtetemo wa injini hufuata mizunguko ya injini, na huu wangu ulifuata mwendo wa gari. Nilipomweleza jirani alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtungi wake hata hivyo ni mzuri, na kwamba angeniachia kwa dola 80.

Washukiwa waliobaki walikuwa wale wanaozunguka kwa mwendo wa gari, yaani magurudumu, ekseli, difu na propela, lakini hawa hawazunguki sawa, na tofauti hiyo ndiyo inayowatoa mafichoni. Niliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, nikachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela, nikamlaza mwanangu wa darasa la tano juu ya kadibodi pembeni mwa gari, huku stendi za chuma zikiwa zimelishika sawasawa, nikamwambia ahesabu propela inazunguka mara ngapi. Nikalizungusha gurudumu mara mbili, kwa kuwa difu ya kawaida, gurudumu moja likiwa chini, hukudai mizunguko miwili ili ikupe jawabu moja.

«Mara tatu na kidogo, baba.»

«Kidogo kiasi gani?»

«Kidogo kama kipande cha piza cha mtu anayejinyima.»

Difu yangu basi ni ya 3.08, yaani propela huzunguka mara 3.08 kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Kwa tairi lenye kipenyo cha inchi 26, kwenye maili 62 gurudumu huzunguka mara 13 na ushei kwa sekunde, na propela huzunguka mara 41. Tairi bovu hukutikisa polepole kama mtu anayekuamsha kwa daku. Propela mbovu hukuzizima chini ya makalio kama simu iliyowekwa kwenye mtetemo. Mimi nilikuwa nikizizima tangu siku ya kwanza, na kwa kuzizima huko nilinunua matairi manne. Mwanangu akawasha kwenye simu ile programu ya kupima mitetemo, akailaza sakafuni mwa gari, tukaingia barabarani, akasoma: 41. Kama pembe za krosi zingekuwa haziwiani, kipigo kingekuja mara mbili katika kila mzunguko, nasi tungesoma 82. Kwa hiyo ilikuwa propela yenyewe, na kosa lake lilikuwa uzito: upande mmoja mzito kuliko mwingine.

Kwa hilo kuna dawa ya kizamani ambayo mafundi wa Marekani wameitumia miaka mingi, nayo ni kuifunga propela klipu mbili za chuma, zilezile za kufungia mipira ya maji ya rejeta, karibu na ncha ya nyuma, na kuzizungusha hadi vichwa vya skrubu zake, ambavyo ndivyo vyenye uzito, viangukie upande uliopungukiwa. Nilichora namba 1 hadi 4 kuizunguka propela, nikafanya safari nne za barabara 270, kila safari nikirudi nyumbani kulala chini ya gari na bisibisi. Vichwa vikiwa kwenye 1, mtetemo ulikuwa wa kutisha, hata kile kisahani cha majivu ya sigara kwenye dashibodi kikajifungua chenyewe. Vikiwa kwenye 3, gari lilikuwa karibu kutulia. Upande wa 1 basi ndio uliokuwa umenenepa, na nililala pale chini nikiutazama, nikijiuliza ni fundi gani mzembe wa zama zipi aliyeuharibu.

Mama watoto alikuwa akipita na kapu la nguo. Akasimama. Kutoka nilipolala niliziona kandambili zake tu.

«Baba watoto, kwani lilianza lini?»

«Aprili.»

«Na kabla ya Aprili ulilifanya nini?»

«Sikulifanya chochote. Nililipaka dawa tu.»

«Wapi?»

«Chini kote.»

Kandambili hazikuondoka.

«Na hicho kinachozunguka, wakati unakipaka, ulikizungusha?»

Nitaomba niruhusiwe kutoyaandika majibu yangu, kwa kuwa sikuwa nayo. Novemba nililala chali, nikapuliza kilichokuwa kikinitazama, na kilichokuwa kikinitazama ni upande mmoja wa propela. Huo ulipata koti tatu. Mgongo wake haukupata hata tone. Kisha lami, kabla haijakauka, iliteremka taratibu kwenye tumbo la bomba ikaganda kama nta ubavuni mwa mshumaa, nami mwezi wa Mei nikaja kuisifu kwa kung'aa.

Niliibandua kwa mafuta ya taa na mwiko wa ugali, kwa sababu kwaruzo la chuma lingechubua bomba, na mwiko ndio uliokuwa karibu. Mabaki yote niliyapima kwenye mizani ya jikoni, nikapata gramu 52. Mtu atasema gramu 52 ni nini, hata sukari ya chai ya familia huzidi hapo. Lakini zizungushe mara 41 kwa sekunde kwenye bomba la unene wa inchi 3, nazo hulivuta bomba hilo kwa nguvu ya karibu kilo 14, sasa juu, sasa chini, na juu ya bomba hilo nimekaa mimi. Nilizifungua klipu, nikaipangusa propela ikabaki chuma kitupu, nikaingia 270 jioni hiyo. Maili 58, 60, 62, 65. Lori lilikuwa moja.

Muuza matairi nilimwambia kuwa yalikuwa matairi, maana yameshalipiwa na sirudishiwi kitu. Jirani nilimwambia bado nachunguza. Ijumaa mjomba akapiga simu mwenyewe kutoka Tanga, na nilipomtazama mama watoto naye akanitazama, nikamwambia mjomba kwamba ilikuwa krosi. Alicheka kwa furaha hadi simu ikakwaruza, akasema jioni hiyohiyo atawaeleza wenzake barazani jinsi alivyoliponya gari la Marekani kwa masikio tu, kisha akauliza kama tunahitaji chochote kutoka nyumbani. Mama watoto akaichukua simu mkononi mwangu, akamwamkia, akamwomba atutumie miko miwili ya mti: mmoja wa ugali, na mwingine, alisema bila kuniondolea macho, wa gari.