Ghorofani hakukosi maduka, kunakosa miguu

Likizo iliyopita mdogo wangu alinipeleka kuona fremu yake. Jengo jipya, vioo kila upande, chini watu wanapigana vikumbo. Tukapanda ngazi. Juu, mwisho kabisa wa korido, ukishapita vyoo, ndipo alipo na nguo zake za watoto. Fremu za jirani zote zimefungwa. Kodi kalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. "Kaka, wateja hawapandi," akaniambia.

Wengi nyumbani hudhani huku Marekani majengo ya maduka hayajui njaa. Yanaijua sana. Duka kubwa la kona hupewa kodi nafuu kwa sababu ndilo linalovuta watu. Vijiduka vya katikati hulipa zaidi kwa kila mita ili viambulie wapita njia. Mkubwa akifunga, mikataba mingine huwaruhusu wadogo kupunguziwa kodi au kuondoka. Basi upande mzima unakuwa giza.

Waliofufua pande hizo hawakurundika maduka mengine. Pale Nashville kuna One Hundred Oaks, jengo la 1967 lililokuwa limedorora. Mwaka 2009 hospitali ya Vanderbilt ilifungua kliniki zake ghorofani, maduka yakabaki chini. Ni akili tu: hakuna anayepanda ngazi kuchungulia blauzi, ila mwenye miadi na daktari atapanda, na akishuka ana njaa, na mtoto anamvuta mkono anataka viatu. Kule Burlington, Vermont, shule ya sekondari ililazimika kuhama kwa sababu ya kemikali zenye sumu kwenye majengo yake. Mwaka 2021 wanafunzi wakaanza kusomea lilipokuwa duka la Macy's, ngazi za umeme zikiwa palepale.

Si kwamba kila cha huku ni cha kuigwa. Nafasi iliyoachwa na duka moja hapa ni kubwa kama uwanja wa mpira, inaweza kukaa tupu miaka ikimsubiri mpangaji mmoja. Kwetu ingeshagawanywa fremu arobaini na mafundi cherehani wamo ndani. Hapo tumewazidi.

Tunapokwama ni kwenye ule mkupuo. Mwenye jengo akishavuna ya mwaka, ghorofani wawe watu au popo, kwake ni mamoja. Huku ni kawaida mkataba kuwa na kodi ya msingi, kisha asilimia ya mauzo yakivuka kiwango fulani. Duka likidoda, na yeye linamuuma.

Mimi ningekuwa mwenye lile jengo, sakafu yote ya juu ningeipa zahanati au chuo cha kompyuta kwa kodi ya kutupa, miaka miwili. Na ningetengeneza lifti. Niliikuta imeegeshwa ndoo na matambara ya kudekia.

Mdogo wangu naye hangoji. Juzi kanipigia, anaulizia meza moja pale chini, mlangoni, karibu na mlinzi.