Karatasi Tano na Koo Kavu

Jamani, hivi hapa Guatemala uchaguzi ni wa kumchagua rais au wa kumkomoa mnywaji? Jumamosi saa 6 mchana hadi Jumatatu saa 12 asubuhi, pombe marufuku. Kuuza marufuku, kunywa hadharani marufuku. Basi Juni 25, 2023 nikaingia kituoni na akili timamu, na hapo ndipo nilipojuta.

Karatasi tano! Nyeupe ya rais, kijani na bluu za wabunge, pinki ya meya, njano ya bunge la Amerika ya Kati, ambalo sijakutana na mtu anayejua linafanya nini. Kwenye ile nyeupe wagombea 22 wamebanana kama abiria wa jioni. Nikatia alama, nikachovya kidole, nikajifuta wino kwenye shati. Mama watoto mpaka leo hajaniuliza nilimpa nani. Anauliza shati.

Matokeo sasa. Zilizoongoza ni kura zilizoharibika! Asilimia 17 na ushei, mbele ya Sandra Torres, mbele ya Bernardo Arévalo ambaye kura za maoni zilimwacha nyuma sana. Kura mbovu haiapishwi, kwa hiyo hao wawili wakarudiana Agosti 20. Na bia, marufuku tena.

Huyu mama Torres namvulia kofia. Mwaka 2011 alimpa talaka mumewe, rais aliyekuwa madarakani, kwa kuwa katiba inawazuia jamaa wa rais kugombea. Mahakama ikamkatalia vilevile. Mume hana, kiti hana. Akaingia raundi ya pili 2015, akapigwa. 2019, akapigwa. 2023, Arévalo kachukua asilimia 58. Hata shemeji yangu anayenidai hana subira hiyo.

Nikasema yameisha. Wapi! Waendesha mashtaka wakaenda kubeba fomu za matokeo, na Oktoba wazee wa jadi wa Totonicapán, mkoa wa Wamaya, wakafunga barabara kuitetea kura. Niliwaunga mkono kwa miguu yangu yote miwili, maana basi halikuwepo. Nyanya zikapanda bei, nazo nikaziunga mkono.

Januari 14, 2024, siku ya kuapishwa, wabunge wakabishana kutwa nzima. Rais kaapa usiku wa manane umeshapita, tarehe 15. Mimi nikichelewa kazini dakika kumi nakatwa mshahara. Wao wamemchelewesha rais mzima mpaka kesho yake, na sijasikia aliyekatwa hata senti.