Mwenye nyumba wa kwenye tivii nadaiwa kodi

Jamani nina jambo limenikaa kooni, leo nalitoa. Yule mzee wa kwenye tivii mwenye baraghashia na bakora anayegongea wapangaji alfajiri, "vyombo nje!", ndo mimi. Nimeshakuwa baba mwenye nyumba kwenye tamthilia tano, mjumbe mara mbili, mganga nimeacha hata kuhesabu, na daktari mara moja tu, nikaingia nikasema tumejitahidi ila Mungu kampenda zaidi, nikatoka, basi, udaktari wangu ukaishia mlangoni. Kwenye tivii nina nyumba Mikocheni, nina nyumba Tabata, nina ya urithi Magomeni yenye kesi. Mimi kama mimi nimepanga chumba na sebule Mbagala, choo tunashea familia tatu na zamu ya kufagia wiki hii ni yangu.

Sasa tatizo watu hawataki kunitenganisha na yule mzee. Juzi napanda daladala konda kapiga kelele "baba mwenye nyumbaaa!" gari zima likageuka, tukapiga selfi, kanikumbatia kabisa mpaka nikanusa chapati aliyokula, tumekaa kidogo namsikia kwa nyuma anagongesha sarafu, mzee nauli. Nikamwambia si tumepiga picha mwanangu? Akasema picha ya kwangu mzee, nauli ya tajiri. Sokoni ndo usiseme, kuna mama wa nyanya hataki hata kuniuzia, eti nilimtoa mjamzito usiku mvua inanyesha. Mama, ile mvua ilikuwa ndoo nne na bomba la kumwagilia maua, na yule mjamzito alikuwa na mto tumboni, tulivyomaliza akaulalia kwenye gari!

Na msidhani nimeokotwa. Mimi nimetokea jukwaani, enzi zile vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT vinagombea watu hapa Dar, unalipa kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, kichekesho halafu taarabu mpaka usiku wa manane. Kakikundi ketu kalikuwa kadogo, tunaigizia kwenye baa, na baa haina adabu, nyama inachomwa pembeni, watu wanaagiza bia, sauti yako lazima imfikie yule aliyekaa kule karibu na choo, asipocheka huyo hujaigiza. Tivii huku bara imekuja 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 70, kwahiyo mimi nafika mbele ya kamera mwili wote umeshakuwa wa baa. Siku ya kwanza nimefungua mdomo dairekta kapiga kelele kata! mzee maiki iko kifuani hapo, unamtoboa masikio mtu wa sauti. Nikapunguza. Kata! mzee na nyusi punguza. Nyusi! Huku jukwaani nyusi ndo zilikuwa zinanilisha. Ilinichukua miaka kujifunza kutofanya kitu, na mpaka leo naona kutofanya kitu ndo kazi ngumu kuliko zote, jaribu wewe kukaa sini nzima unamwangalia mtu tu bila kujikuna.

Hela sasa. Unaitwa lokesheni saa kumi na mbili asubuhi, sini yako inaguswa saa tisa mchana maana staa hajafika, staa mwenyewe ni kijana kachukuliwa kwa sababu ya folowazi, mstari mmoja anaurudia mara kumi na moja na bado anaangalia kamera. Jioni unakula wali maharage, unapewa bahasha ya nauli, ya kazi tutakucheki mzee wangu kipindi kikilipwa. Mwaka 2018 kipindi mchekeshaji marehemu King Majuto anaumwa, wizara iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mimi nikasema ngoja nitafute wa kwangu niupeleke. Nikapekua chumba chote. Kumbe mkataba wangu ulikuwa simu, "mzee njoo kesho na kanzu yako."

Yote hayo nimeyazoea lakini ya Jumamosi hapana. Nadaiwa kodi miezi miwili. Asubuhi nasikia kikohozi koridoni, nikakifahamu, sio cha mwenye nyumba, ni kikohozi CHANGU. Halafu bakora, ko ko ko. Halafu namsikia mwenye nyumba wangu, kumbe ananiigiza, anasema "nyumba haijengwi kwa pole!" Huo mstari hata kwenye skripti haukuwepo, niliutunga mwenyewe papo hapo, sijalipwa hata senti, leo unarudi mlangoni kwangu kunidai.

Nikafungua nimekasirika. Lakini kilichoniuma sio deni, alivyousema vibaya! Anakimbilia. Nikajikuta nasema hapana mzee, hapo umeharibu, kohoa kwanza, nyamaza mpaka mtu wa ndani aanze kuogopa, gonga mara moja tu, ndo useme, tena taratibu. Kaniangalia. Karudi mwisho wa koridoni kaanza upya. Bado. Wapangaji wakatoka na miswaki mdomoni, katoto ka jirani kanapiga kelele kata! Mara ya tatu kagonga mara mbili nikamrudisha. Mara ya nne kakohoa, kanyamaza, kagonga, kasema, aisee, kaifanya vizuri mpaka mke wangu kule ndani nikamsikia anaanza kukusanya masufuria.