Kampuni za madini na asbl zetu Lubumbashi: fedha ni zao, sauti je?

Kampuni nyingi za madini zenye ofisi Lubumbashi hazitaki tena kuendesha shule au zahanati zenyewe. Zinatafuta mshirika: asbl (shirika lisilo la faida) ya akina mama, parokia, hospitali, idara ya chuo kikuu, hata timu ya vijana wa komini. Kampuni inatoa fedha, mshirika anatoa watu na ujuzi wa mtaa, kisha picha inapigwa wakiwa wameshika hundi kubwa ya karatasi. Hiyo ndiyo RSE, wajibu wa kampuni kwa jamii, kama tunavyoiona mjini. Wapo wanaoisifu, wapo wanaosema ni chokaa juu ya ukuta uliopasuka. Kila upande una hoja, ila naona wote wanapita kando ya swali lenye uzito zaidi: je, asbl iliyopokea fedha hizo bado inaweza kumwambia mfadhili wake kwamba amekosea?

Anayeunga mkono ushirika huu hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni iliyoanzishwa 1906, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali yake baada ya kutaifishwa, hazikuhitaji mshirika. Shule zilikuwa zao, hospitali zao, kambi za wafanyakazi zao, na unga wa bukari uliingia nyumbani kama posho. Watu waliiona kampuni kuwa ni baba na mama. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka ya 1990 uzalishaji ukaporomoka, na huduma zote hizo zikaporomoka nao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Familia zilizopoteza mshahara zilipoteza pia daktari na mwalimu. Kwa hiyo mtu akisema ni heri zahanati iwe mikononi mwa parokia iliyokuwapo kabla ya mgodi na itakayobaki mgodi ukifungwa, sioni la kumbishia.

Tena kuna suala la ujuzi. Injinia anajua kiwango cha shaba kilichomo katika jiwe, lakini hajui kwa nini wasichana wa kijiji fulani wanaacha masomo darasa la sita. Masista wa Bon Pasteur walioanza kazi Kolwezi mwaka 2012 walianzia kwa familia za wachimbaji wadogo, wakiwasikiliza kabla ya kufungua madarasa na mashamba. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na ofisi ya mawasiliano ya kampuni, hata ikipewa bajeti mara tatu.

Sasa upande wa pili. Mikataba mingi ya aina hii ni ya muda mfupi, na asbl inayongoja mkataba ujao hujifunza haraka mambo yasiyosemwa. Hakuna anayeikataza. Inajikataza yenyewe. Mwezi wa Novemba 2025 maji machafu kutoka kiwanda kimoja cha madini yalifurika katika mitaa ya Lubumbashi, hadi serikali ikakisimamisha kazi kwa miezi mitatu. Siku kama hizo ndipo mkazi anapohitaji shirika la mtaani litakalochota maji, kuyapeleka kupimwa na kutangaza matokeo. Shirika lenye nembo ya kiwanda kwenye gari lake litafanya hivyo? Labda. Lakini mkurugenzi wake atapiga simu kwanza.

Kwa chuo kikuu jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Mwaka 2020 timu hiyo ikaeleza uhusiano kati ya kazi ya baba mgodini na watoto wanaozaliwa na kasoro hapa Lubumbashi. Tuchukulie kwamba maabara ile ingekuwa inaendeshwa kwa fedha za viwanda vilevile. Sisemi matokeo yangefichwa. Wapo wanasayansi wasionunulika. Nasema tu kwamba swali la utafiti lenyewe huenda lisingeulizwa, na jambo lisiloulizwa haliachi alama yoyote ya udhibiti.

Hata hivyo, wakosoaji wanaosema asbl zikatae kabisa fedha za migodi wananichosha kidogo. Mkono mtupu haulambwi. Mfadhili wa ng'ambo naye ana masharti yake, na akiamua kuondoka haagi: mwaka 2025 Marekani ilipoivunja USAID, shirika lake la misaada, miradi mingi ya Kongo ilisimama ndani ya wiki chache. Ni rahisi kuhubiri usafi wa fedha ukiwa na mshahara unaotoka mahali pengine.

Tatizo lililo wazi zaidi ni la hesabu, na ajabu ni kwamba linazungumzwa kidogo. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Fedha hizo husimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii yenyewe. Mbali na hilo kuna cahier des charges, orodha ya ahadi ambazo kampuni husaini na jamii. Hizo si sadaka. Lakini mbele ya kamera, shule iliyojengwa kwa asilimia 0.3 na jezi zilizotolewa kwa hiari huwekwa katika kapu moja na kuitwa ukarimu. Na kwa kuwa fedha za lazima ni za vijiji vya karibu na mgodi, huku ofisi, wageni na waandishi wa habari wakiwa mjini, ule ukarimu wa hiari hupenda kutua Lubumbashi.

Kuna pia asbl zinazozaliwa ndani ya kampuni: zina bodi, muhuri, na karatasi zote zinazotakiwa na sheria ya 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida, lakini mwenyekiti wake hupokea mshahara wa kampuni. Zinaweza kufanya kazi nzuri tu. Kuziita ushirika ndiko ninakokataa. Hapo kampuni imejipa mkono yenyewe.

Kampuni husema mkataba wake na asbl ni mambo ya watu wawili. Ningelikubali hilo kama fedha zote zingekuwa zake. Lakini ile asilimia 0.3 sheria imeisamehe kodi ya faida. Kampuni inayouza kwa dola bilioni 1 inatenga milioni 3; kwa kodi ya asilimia 30, hazina ya taifa imeacha kupokea 900,000 humo. Karibu theluthi moja ya fedha zile, basi, ingekuwa ya mwalimu wa komini ya Katuba na muuguzi wa hospitali ya Sendwe. Asbl inayotekeleza kazi kwa fedha hizo inapaswa kubandika mkataba wake ofisini kwa chifu na kwenye komini: kiasi, muda, anayekagua, na kifungu kinachosema waziwazi kwamba kukosoa kampuni si sababu ya kuuvunja. Kampuni itakayokataa kusaini kifungu hicho itakuwa imetujibu.