Mara 2,000 ya Ukungu

Hadubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu moja tu: tangazo lilisema inakuza mara 2,000. Ilipofika Lamu nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Langoni kwa bibi, nikateka kata ya maji kwenye birika lake la zamani, lile tangi la maji la kujengwa ndani ya nyumba ambalo bado lina visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Nikadondosha tone kwenye slaidi, nikachungulia. Ukungu mtupu.

Kosa lilikuwa langu. Vijidudu vingi vya majini vina miili myangavu kama maji yenyewe, na kitu kisichoonekana hata ukikikuza kitabaki hakionekani, ila kikubwa. Isitoshe, kwa mwanga wa kawaida lenzi nzuri kabisa haitenganishi nukta zilizokaribiana chini ya takriban maikromita 0.2 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo ukipita mara 1,000 hivi unapanua ukungu tu. Shuleni tulitia iodini. Ni kweli inaonyesha, lakini inaua, na unabaki kutazama maiti iliyopakwa rangi.

Ndiyo maana nasema pesa ziende kwenye hadubini ya fezi kontrasti, inayoonyesha vitu vyangavu bila kuvitia rangi, hata ya mtumba. Mwanga ukipita ndani ya mwili wa kijidudu huchelewa kidogo kuliko ule uliopita majini. Jicho halitambui kuchelewa. Mholanzi Frits Zernike aliweka pete ya mwanga chini ya slaidi na pete nyingine ndani ya lenzi, inayofifisha mwanga uliopita moja kwa moja na kuusogeza robo ya wimbi. Mwanga wa aina mbili ukikutana, kule kuchelewa kunageuka kuwa weusi na weupe. Mwaka 1932 aliupeleka ubunifu huo kwa Zeiss, kampuni ya hadubini ya Jena, Ujerumani, hawakumchangamkia. Mwaka 1953 akapewa Nobeli ya Fizikia.

Ina kero zake. Pete zisipolingana sawasawa, huoni la maana. Tone likiwa nene, kila kitu kinavaa taji la mwanga na kingo zinapotea. Mimi hufyonza maji ya ziada kwa ncha ya karatasi ya shashi mpaka kioo cha juu kikae bapa.

Lakini siku ile nilipopatia! Kwa mara 100 tu, chini kabisa ya nilichoahidiwa, rotifa, kijidudu cha majini, alijishika kwenye uzi wa mwani, akafungua vinyweleo vya kichwani vinavyopiga kwa zamu hata ukadhani ni magurudumu mawili yanazunguka. Kooni, taya zikisaga. Mtoto wa kaka yangu hakutaka kubanduka.

"Ami, anatafuna!"

Bibi naye akaja, akavua miwani, akatazama kimya kwa muda mrefu.

"Hawa wamo birikani siku zote?"

"Siku zote, bibi."

"Na mimi mwezi ujao nilitaka fundi alisugue."

Fundi hajaitwa mpaka leo.