Si kigoda, ni jumba dogo
Makala yenu kuhusu samani ya kauri ya Raqqa, Syria, ya mwishoni mwa karne ya 12 au mwanzoni mwa karne ya 13, imenifurahisha, ila siafiki maelezo ya picha yanayoiita kigoda cha kukalia. Kifaa hicho cha pembe sita, kilicho kitupu ndani, kinaelekea zaidi kuwa meza ya kuwekea sinia au vyombo vya kunywea, wenyewe wakiwa wameketi chini kwenye mazulia. Mwandishi ameisifu rangi na kulipita umbo, na kwangu mimi utamu wote umo humo: kila ubavu umefanywa kama ukuta wa jumba, wenye tao na matundu yaliyopangwa mfano wa kimia cha dirisha la mbao, hata mtu akiinama karibu hudhani anachungulia baraza ya watu wadogo. Mfinyanzi ameiga kazi ya mwashi na ya seremala kwa mpigo mmoja.

Wala kifaa hicho hakikufinyangwa kwa udongo wa mtungi. Abu'l-Qasim wa Kashan, mji wa Uajemi, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi, aliandika mwaka 1301 kuhusu mchanganyiko wa namna ya uliotumika hapa: mafungu 10 ya mawe meupe magumu ya kwatzi (quartz) yaliyosagwa, 1 la kioo na 1 la udongo mweupe. Rangi ya feruzi hutoka kwenye shaba. Ama ule mng'ao wa upinde wa mvua mliousifu, fundi hakuukusudia. Ni ule utando wa kioo uliopakwa juu ya chombo, uliolika kwa kuzikwa ardhini karne nyingi.